Kitufe Kimoja Kibovu, Windows Nzima Ikapigwa

Najua mmeniulizia sana kwa nini nimekuwa kimya wiki tatu hizi. Wengine mkasema nimeolewa, wengine mkasema nimekamatwa na sapu na ninajificha. Hapana jamani. Nilikuwa nafungua mafaili. Nafungua faili moja, naangalia ndani kuna nini, nalipatia jina, nafunga. Nafungua lingine. Mia tisa na ushee. Ngoja nieleze ilikuwaje, halafu leo nina ugomvi na pande mbili: mafundi wetu wa kompyuta, na sisi wenyewe wanafunzi. Ukijiona humu ndani usinune, na mimi nimo.

Laptopu yangu mnaifahamu. Ni mtumba kutoka Uingereza, niliinunua kwa kujibana bumu la semista mbili. Utaijua ni ya Uingereza kwa kuangalia kibodi tu: juu ya 3 kuna alama ya paundi, na Shift ya kushoto ni fupi kwa sababu kati yake na herufi Z wamechomeka kitufe kimoja cha ziada. Kitufe hicho kina alama ya mkwaju uliolalia nyuma, huu hapa: \. Kwenye laptopu za mtindo wa Kimarekani kitufe hicho hakipo pale, Shift inapakana na Z moja kwa moja.

Sasa basi, kitufe hicho ndicho kilichonila. Nadhani ilikuwa chai. Siku moja nilimwaga kidogo, kidogo kabisa, nikafuta, nikaendelea na maisha. Wiki mbili baadaye kitufe kikaanza kujibonyeza chenyewe. Mara kinatulia nusu saa, mara kinatema mikwaju kumi mfululizo. Kwenye kuandika insha nilikuwa nafuta tu na kusonga mbele. Balaa lilikuwa kwenye kuyapa mafaili majina. Nabonyeza F2 nibadilishe jina, kabla sijamaliza neno la kwanza, mlio! Kisanduku kinatokea: jina la faili haliwezi kuwa na alama hizi. Nakifuta, kinarudi. Nakifuta, kinarudi.

Kwa wasiojua, Windows inakataa alama tisa kwenye jina la faili: \ / : * ? " < > na |. Si kwa ukorofi. Kila moja ina kazi nyingine. Huo mkwaju wa \ ndio unaotenganisha folda na folda kwenye anwani ya faili, mfano C:\Users na kuendelea. Ni urithi wa mwaka 1983, pale MS-DOS 2.0 ilipoleta folda ndani ya folda. Mkwaju wa kawaida, /, ulikuwa tayari unatumika kwenye amri, ikabidi wachukue uliolala upande wa pili. Kwa hiyo ukiwa unahifadhi kazi, ukaandika "Andalio", kitufe kikapachika \, kisha ukamalizia "Historia", kompyuta haioni jina. Inaona unaitaka folda inayoitwa Andalio, inakwambia hakuna njia kama hiyo. Wewe unapiga meza, yenyewe inakushangaa.

Mimi nilifanya nini? Nilifanya kama wengi wetu: nilikubali kuishi na ugonjwa. Nikawa nayapa mafaili majina mafupi ya haraka kabla kitufe hakijaamka. Andalio1, Andalio2, mpaka Andalio37. Hayo ni maandalio yangu yote ya masomo ya mazoezi ya kufundisha, wiki nane za kuamka saa kumi na moja alfajiri. Humohumo mwenzangu wa chumbani, ambaye hana laptopu, alikuwa ameingiza madodoso 60 ya utafiti wake kwenye jedwali. Sura ya nne yake yote ilikuwa imekaa kwenye mashine yangu.

Wiki ya kukusanya kazi ilipofika nikaona sasa hapana, niende kwa fundi. Sitaji fundi gani wala wapi, maana alichonifanyia yeye wangenifanyia wengi. Nikamwambia, "Kaka, shikamoo. Laptopu inaandika yenyewe." Hakuifungua. Nasema tena, HAKUIFUNGUA. Aliipokea imefunikwa, akaipimapima uzito mkononi kama mtu ananunua tikiti maji, akasema: "Dada'angu, hii Windows imechoka. Inabidi tupige upya. Elfu kumi na tano."

"Na vitu vyangu?"

"Si vipo D?"

Hapo ndipo nilipotoa jibu ambalo nitalijutia mpaka siku ya mahafali. Nilisema, "Nadhani."

Havikuwa D. Vilikuwa palepale kwenye uso wa kompyuta, kwenye C, sehemu aliyoifuta.

Saa moja baadaye Windows mpya imekaa, inang'aa, inauliza jina la mtumiaji. Fundi hajagusa kitu, mimi sijagusa kitu. Kile kisanduku cha jina kikaanza kujaa chenyewe: \\\\\\\\. Tukatazamana. Na fundi, wallahi, akasema: "Aa, hii Windows haijakaa vizuri. Ngoja nipige nyingine."

Niliichukua laptopu yangu nikaondoka.

Huko maabara ya kompyuta nikamkuta kaka mmoja wa mwaka wa nne. Hakuniuliza bei wala hakunipa pole. Alichomeka fleshi yenye Ubuntu, ule mfumo unaoweza kuujaribu kwenye fleshi bila kuusimika kwenye mashine. Akaiwasha laptopu kwa fleshi hiyo, Windows ikabaki imelala kabisa. Akafungua ukurasa mtupu wa kuandikia, akanyanyua mikono juu kama aliyekamatwa na polisi. Tukasubiri. Dakika mbili. \\\\. Akasema, "Umeona? Windows haipo hapa, na ugonjwa upo. Kwa hiyo Windows haikuwahi kuumwa." Dakika tano, shilingi sifuri.

Usiku huo akanifanyia uokoaji kwa programu ya bure inayoitwa PhotoRec. Bahati yangu laptopu ni ya zamani, ina diski ya kuzunguka. Diski hizi za kisasa za SSD, ukifuta, mara nyingi mashine yenyewe inasafisha nafasi ile na basi, huoni kitu. Ile programu inapekua diski kipande kwa kipande na kuyatambua mafaili kwa yaliyomo ndani. Lakini majina hairudishi. Inakupa herufi f na namba ndefu, basi. Kwa hiyo mimi niliyekwenda kwa fundi kwa sababu nimeshindwa kuyapa mafaili majina, nilirudi na mafaili zaidi ya elfu nne yasiyo na majina kabisa. Nikachuja picha na takataka za mtandaoni, zikabaki zile mia tisa na ushee nilizosema. Maandalio 31 kati ya 37 nimeyapata. Jedwali la mwenzangu halikupatikana, Windows mpya ilikuwa imeshakalia mahali pake. Madodoso ya karatasi yalikuwepo chini ya kitanda, ameyaingiza upya kwa usiku tatu. Hakunilaumu hata neno moja. Ningependa angenilaumu.

Haya, sasa ugomvi.

Nauliza: ni ugonjwa gani wa kompyuta ambao mafundi wetu hawautibu kwa kupiga Windows? Mashine nzito, piga Windows. Sauti haitoki, piga Windows. Kitufe kimeganda kwa sukari ya chai, piga Windows! Wazee wetu wanakumbuka enzi ambazo kila homa ilikuwa malaria. Unafika zahanati unatetemeka, hujakaa vizuri umeshaandikiwa dawa. Kumbe una homa ya matumbo, kumbe una nimonia. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo kwamba anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo apewe dawa. Leo hata bibi yangu kijijini hakubali dawa ya malaria bila kutobolewa kidole. Sasa sisi wa chuo kikuu tumekubalije mashine zetu zitibiwe kama homa za zamani?

Na afadhali ingekuwa dawa tu. Kupiga Windows ni upasuaji. Unaondoa vitu. Huwezi kumpasua mtu tumbo kwa sababu ana mwiba kidoleni.

Najua kuna watakaosema namwonea fundi, anatafuta riziki. Sawa, nakubali, na hapa ndipo nakuja kwetu. Hebu tuseme ukweli. Fundi akikuangalizia mashine nusu saa, akakwambia "tatizo ni kitufe, kisafishe", akaomba elfu tatu, utatoa? Hutatoa! Utasema "mbona hujafanya kitu?" Lakini akikuwekea Windows mpya yenye picha ya bahari, unatoa elfu kumi na tano na asante juu. Tunalipia kinachoonekana, hatulipii kujua. Fundi naye si mjinga, anauza kinachonunuliwa. Tumemfundisha wenyewe kwamba kupima hakuna hela.

Halafu kuna ule wimbo wetu wa kitivo: "Mimi ni wa ualimu bwana, mambo ya kompyuta waachie wa kompyuta." Nimeuimba sana. Lakini kutafuta kosa si somo la kompyuta. Ni kuuliza swali moja linalogawa jambo mara mbili: kosa liko upande huu au upande ule? Ukipata jibu unagawa tena. Yule kaka hakutumia uchawi, aliondoa Windows kwenye picha akaangalia kama ugonjwa unaondoka nao. Mama anayetafuta kwa nini uji umeungua anafanya hivyohivyo: ni moto, ni sufuria, au ni mtu aliyeacha kukoroga?

Na hili linatuhusu walimu kuliko mtu mwingine yeyote. Kule kwenye mazoezi nilikuwa na mtoto wa kidato cha kwanza aliyepata sifuri ya jaribio la Historia. Dawa iliyokuwa tayari mezani ni arudie jaribio lote, na fimbo juu. Nilipokaa naye nikasoma maswali kwa sauti, akajibu saba kati ya kumi. Historia anaijua. Kiingereza cha maswali ndicho kilichomkwama. Kitufe kimoja! Na sisi tulikuwa tunataka kumpiga Windows nzima.

Kozi yetu ya kompyuta ya mwaka wa kwanza ilitufundisha nini? Vizazi vya kompyuta, cha kwanza mpaka cha tano. ENIAC ilizinduliwa mwaka 1946, tumekariri, tumejibu, tumefaulu. Hakuna siku hata moja tuliyopewa mashine mbovu tukaambiwa: tafuteni kosa. Naomba wanaoandaa kozi hiyo watupunguzie kizazi kimoja, watuwekee kibodi iliyomwagikiwa chai.

Basi, ili isiwe kelele tupu, haya ndiyo niliyoyajifunza kwa machozi. Kitufe kikikusumbua, kabla ya kumpelekea mtu yeyote hela:

Kwanza kabisa nakili kazi zako mahali pengine, fleshi au barua pepe, popote. Usiseme "nadhani". Fungua uone kwa macho.

Pili, fungua ukurasa mtupu, nyanyua mikono, subiri. Herufi zikija zenyewe, kuna kitufe kimekwama au kuna uchafu chini yake. Chini ya vitufe vya laptopu nyingi kuna karatasi za plastiki zenye njia nyembamba za umeme, na majimaji yenye sukari yanaweza kuunganisha njia ambazo hazikutakiwa kuungana.

Tatu, kama hakiandiki chenyewe ila kinaandika kitu kingine, usilaumu kibodi haraka. Angalia mpangilio wa lugha ya kibodi. Kwenye mpangilio wa Kiingereza cha Uingereza, Shift na 2 inatoa alama ya kunukuu. Kwenye ule wa Marekani inatoa @. Ukiwa na kibodi ya mmoja na mpangilio wa mwingine utaweka @ kwenye jina la faili, utapata alama ya kunukuu, nayo ni mojawapo ya zile tisa. Windows itakataa, na kitufe kizima kabisa! Angalia pia Num Lock kwenye laptopu ndogo: ikiwashwa, U, I na O zinakuwa 4, 5 na 6. Na ukibonyeza Shift mara tano mfululizo Windows inauliza kama uwashe Sticky Keys. Ukikubali bila kusoma, kama tunavyokubali kila kitu, Shift na Ctrl zitaanza kujishikilia zenyewe. Yote hayo ni mipangilio, unarekebisha bure.

Nne, washa kwa fleshi ya Ubuntu kama alivyofanya yule kaka. Ugonjwa ukiendelea, si Windows. Ukiondoka, basi rudi kwenye Windows ukague mipangilio. Na hata hapo kupiga upya ni jambo la mwisho.

Tano, ikiwa ni kitufe chenyewe: zima mashine, chomoa chaja, toa betri kama inatoka. Igeuze kichwa chini, pulizia, piga brashi laini. Ukiweza kukinyanyua kifuniko cha kitufe bila kuvunja vile visahani vyake vya plastiki, futa kwa pamba yenye spiriti kidogo, ya isopropili, acha ikauke kabisa. Vidole vikikutetemeka muachie fundi, ila sasa unamwambia cha kufanya.

Sita, usafi ukishindikana, mzime huyo mkorofi. Kuna programu ya bure inaitwa SharpKeys, inaiambia Windows ikipuuze kitufe fulani, na ukishawasha upya kinapuuzwa hata kwenye kuingiza nywila. Kuchomeka kibodi ya nje peke yake hakutoshi, maana ya ndani itaendelea kutema.

Mimi nimefanya la tano likasaidia siku nne, kisha nikafanya la sita. Nimekizima. Na huo mkwaju nikiuhitaji siku moja, nimeweka mpangilio wa Kimarekani, naupata kwenye kitufe kilicho karibu na Enter. Nimepoteza alama ya paundi tu. Paundi zenyewe nilikuwa naziona wapi?

Lakini hoja yangu si SharpKeys, msije mkatoka na hiyo peke yake. Hoja ni kwamba tukatae tiba isiyo na kipimo. Ukienda kwa fundi mwulize mbele yake: "Umejuaje?" Swali dogo tu, kwa adabu. Akiwa na jibu, mlipe, na umlipe hata kama hakugusa kitu kingine. Akiwa hana, chukua mashine yako uondoke. Na kesho ukiwa mbele ya darasa lako la watoto 90, kabla hujaandika "hafai" kwenye ripoti ya mtu, jiulize swali hilohilo.

Atakayekuja chumbani kwetu kupinga anakaribishwa, chai ipo, ila ainywe mbali na meza. Mwenzangu anasahihisha sura ya tano sasa hivi, kazi yake ina nakala mbili. Mimi nimebakiza mafaili 112 yasiyo na majina.

Naomba kutoa hoja.